Vinamasi vya Mto Kongo: Kutoka Kisangani hadi Isangi

Ardhioevu ya bonde la kati la mto Kongo ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa katika nchi za joto. Kwa anayeshuka na mto, mlango wake wa mashariki ni Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo, mahali maporomoko ya Boyoma yanapokoma. Kutoka hapo hadi Kinshasa mto huenda kilomita 1,734 bila poromoko la kuzuia meli, na katika umbali wote huo hushuka mita 100 hivi tu. Mteremko huo mdogo ndio asili ya karibu kila jambo linalohusu nchi hii. Maji yasiyo na haraka huangusha mchanga wake njiani, hujenga visiwa, hupanda kingo msimu wa mvua na kulala msituni kwa wiki nyingi. Yakishalala, hubadilisha miti, samaki, udongo na hata hewa.

Kabla ya kufika Kisangani maji hayo yamekwisha kulala mara kadhaa. Lualaba, jina la mto Kongo upande wa juu wa mji, huanzia kwenye uwanda wa Katanga, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna ardhioevu ya aina nyingine, dembo: mabonde mapana ya nyasi, yasiyo na miti, yanayolowa majira ya mvua na kubaki mabichi wakati miombo inayoyazunguka imekwisha kukauka. Wataalamu wa maji wamebishana kwa muda mrefu iwapo dembo hulisha mito wakati wa kiangazi au hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke kuliko yale zinayoyaachia. Ubishi huo hauna jibu moja, kwa sababu dembo zenyewe hazifanani: udongo, mteremko na mimea hutofautiana kutoka bonde moja hadi jingine.

Tawi la mashariki linatoka Zambia. Mto Chambeshi huingia katika vinamasi vya Bangweulu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ambako mafunjo na matete hufunika maelfu ya kilomita za mraba na ambako korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana, bado huzaliana. David Livingstone alifariki kando ya vinamasi hivyo mwaka 1873, akiwa bado anatafuta chanzo cha Nile katika maji ambayo kwa kweli ni ya Kongo. Kutoka Bangweulu maji hupita Luapula, ziwa Mweru na mto Luvua, kisha hukutana na Lualaba huko Ankoro. Lualaba yenyewe, kabla ya hapo, imepita katika bonde la Upemba lenye maziwa na mafunjo tele. Ziwa Tanganyika nalo huongeza sehemu yake kupitia mto Lukuga. Kwa hiyo mvua iliyonyesha Katanga au kaskazini mwa Zambia haiji Kisangani kwa mkupuo. Hufika ikiwa imegawanywa na kucheleweshwa na kila kinamasi ilichopitia.

Kuna tofauti moja kati ya ardhioevu za juu na za chini ambayo inafaa kueleweka mapema. Katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, vinamasi vya bonde la Bujuku viko juu ya mita 3,400. Hapo usiku huganda barafu, na baridi husaidia maji kuzuia mimea iliyokufa isioze: mabaki hujipanga tabaka juu ya tabaka na kuwa mboji ya kinamasi, udongo mweusi uliojaa nyuzi za majani na mizizi. Kisangani iko karibu mita 400 tu juu ya bahari na joto lake la wastani ni nyuzi 25 hivi mwaka mzima. Hakuna baridi ya kusaidia. Katika bonde la Kongo mboji husimama kwa nguzo moja tu, nayo ni maji. Pale maji yanapoondoka, joto humaliza kazi upesi.

Safari ya kuiona ardhi hii huanzia mjini. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametapakaa kwa kilomita 100 hivi kati ya Ubundu na Kisangani, na katikati yake mto huvuka ikweta. La mwisho ndilo la Wagenia, ambako wavuvi huchomeka miti mirefu katika mwamba na kuning'iniza mitego ya vikapu vya umbo la pia katikati ya maji makali. Wageni wengi hupiga picha pale, hununua samaki, na kurudi hotelini wakidhani wameuona mto. Maporomoko ni kitu cha kupendeza, lakini kwa ikolojia ya mto mzima ni kizingiti zaidi kuliko makazi: samaki kadhaa wa chini hawavuki kwenda juu, na wa juu hawashuki. Maisha mengi yako mahali pasipo na kelele.

Mfano wa karibu ni kisiwa cha Mbiye, upande wa mashariki wa mji, juu kidogo ya maporomoko ya Wagenia. Ndani ya kisiwa hicho kimoja kuna misitu ya aina tatu: wa nchi kavu, unaofurika kwa msimu, na wa kinamasi cha kudumu. Kwa sababu kiko mlangoni mwa mji, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekitumia kwa miaka mingi kama darasa la nje. Kwa sababu hiyohiyo, wachoma makaa na wakata mbao nao wanakifahamu vizuri.

Kuelekea chini, chombo cha kawaida ni balenyere, boti ndefu ya mbao yenye injini, inayobeba watu, mbuzi, magunia ya chumvi na madumu ya mafuta kwa pamoja. Nilipanda moja upande wa Makiso, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, na muda si mrefu ulitokea mdomo wa mto Lindi, ambao hupokea mto Tshopo muda mfupi kabla ya kuingia Kongo. Hapo rangi mbili huenda sambamba kwa kitambo: Kongo ni ya hudhurungi yenye matope, Lindi ni nyeusi kama chai ya rangi. Weusi huo hautoki kwenye uchafu. Ni asidi za majani yaliyolowa muda mrefu katika vinamasi vya msituni, ambako udongo wa mchanga hauna uwezo wa kuzichuja. Maji ya namna hiyo yana chumvi kidogo na uchachu kiasi. Mto Ruki, unaoingia Kongo huko Mbandaka, ni miongoni mwa mito myeusi zaidi iliyowahi kupimwa duniani.

Chini ya Lindi iko Yakusu, kijiji cha misheni ya Wabaptisti ambako kuanzia mwaka 1920 daktari Clement Chesterman aliendesha kampeni kubwa dhidi ya malale. Kingo hizi ni za Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mto ambao zamani walipashana habari kwa ngoma za mti zilizosikika kutoka kijiji hadi kijiji. Kiswahili nacho kilifika hapa kwa njia ya maji. Mpelelezi Stanley alipita mwaka 1877 na watu wa Zanzibar, na miaka kumi baadaye Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliwekwa kuwa liwali wa eneo la maporomoko. Ndani ya boti, Kiswahili hutumika kuuliza bei na Lingala kugombania nafasi ya kukaa. Pengine ni mimi tu niliyeona hivyo.

Vichaka vya kijani vinavyoelea katikati ya mto ni gugumaji, ambalo watu wa mtoni hulijua kwa jina la Kongo ya sika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilienea katika mto huu katika miaka ya 1950. Lilipofunga njia za meli, serikali ya kikoloni ilipambana nalo kwa dawa, bila kulimaliza. Leo limekuwa sehemu ya mandhari: samaki wadogo hujificha chini ya mizizi yake, wavuvi hutega hapo, na manahodha huendelea kulilaani kila linapojizungusha kwenye pangaboi.

Anayetoka mtoni na kuingia msituni kwa miguu hupita kanda kwa mpangilio ambao haubadiliki sana. Kwanza ni tuta la asili ambalo mto wenyewe umelijenga kwa mchanga wake. Vijiji viko juu yake, pamoja na migomba na michikichi. Nyuma ya tuta ardhi hushuka, jambo linalomshangaza mgeni anayetarajia kupanda. Huko ni msitu unaofurika kwa msimu, wenye miti yenye alama ya maji kwenye magome, wakati mwingine juu ya kichwa cha mtu. Ndani zaidi, mahali maji yasipoondoka kabisa, ndipo kinamasi cha kweli. Miti hupungua aina. Uapaca husimama juu ya mizizi iliyotawanyika hewani. Symphonia globulifera na Mitragyna stipulosa hutoa mizizi iliyokunjika nje ya tope ili ipate hewa. Chini yake kuna miale, ile mitende ya makuti marefu, na miba ya kekele, yaani henzirani, inayoshika nguo. Kutembea humo ni kukanyaga mizizi, si ardhi. Kijana aliyenitangulia hakuutazama mguu wake hata mara moja, nami sikuuondolea wangu macho. Mwanabotania C. Evrard alichapisha mwaka 1968 kazi iliyoipanga misitu hii ya udongo wa maji katika bonde zima, na mpangilio wake bado hutumika.

Tatizo kuu la kila kiumbe katika kinamasi ni oksijeni. Bakteria wanaokula majani yaliyokufa huitumia karibu yote, na maji yaliyosimama chini ya kivuli hayapati nyingine haraka. Ndiyo maana samaki wa vinamasi wanaouzwa katika masoko ya Kisangani ni wale wanaoweza kupumua hewa ya juu. Ngolo, yaani kambare, ana kiungo chenye matawi juu ya matamvua yake. Mongusu ana chumba cha hewa kichwani. Nzombo, ambaye watu wa ziwa Viktoria humwita kamongo, ana mapafu hasa, na hulazimika kupanda juu kuvuta pumzi hata katika maji safi. Samaki hao hufika sokoni wakiwa hai ndani ya beseni lenye maji kidogo, na muuzaji hahitaji barafu. Wale wa mtoni, kama mboto na kapitene, hufa haraka na lazima wakaushwe kwa moshi au watiwe chumvi.

Maji yanapopanda, samaki wa mtoni pia huingia msituni. Hula matunda, wadudu na mbegu zilizoanguka, hutaga mayai kati ya mizizi, na watoto wao hukulia humo mbali na wakubwa wenye meno. Maji yanaposhuka, hurudi mtoni au hunaswa katika mabwawa. Hapo ndipo msimu wa wanawake huanza. Huziba kijito kwa matope na vijiti, kisha hupiga maji nje kwa masinia na vikapu mpaka samaki wabaki wanaruka kwenye tope. Ni kazi ya nyimbo, kelele na mgongo unaouma, na katika vijiji vingi kila kijito kina ukoo wake unaojulikana. Uvuvi wa wanaume mtoni hupata sifa zaidi, lakini kwa kaya nyingi protini ya kila siku hutoka katika vijito hivi vidogo visivyo na jina kwenye ramani. Kinamasi hutoa pia ndele, yaani makuti ya kuezekea, kekele za kufumia viti na vikapu, na majani ya kufungia chikwanga, mkate wa muhogo.

Yangambi iko kilomita 100 hivi magharibi ya Kisangani, juu ya uwanda unaoutazama mto. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo leo ni INERA. Ilijishughulisha zaidi na mazao ya nchi kavu: ni hapa A. Beirnaert na mwenzake R. Vanderweyen walipoeleza, mwaka 1941, jinsi unene wa ganda la chikichi unavyorithiwa, ugunduzi ambao mashamba ya kisasa ya mawese duniani yamejengwa juu yake. Hifadhi ya mimea mikavu ya Yangambi ina sampuli zaidi ya 150,000, na msitu unaoizunguka ulitangazwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai mwaka 1976. Majengo mengi ya zamani yamechoka. Kabati za sampuli zimebaki kwa mpangilio ambao taasisi tajiri zaidi zingeuonea wivu.

Sayansi ya mto ilirudi kwa nguvu mwaka 2010, msafara wa Boyekoli Ebale Congo ulipowachukua makumi ya watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji kutoka Kisangani kushuka na mto, wakikusanya samaki, mimea, wadudu na popo. Matunda yake mojawapo ni Kituo cha Uchunguzi wa Bioanuwai kilichoko Kisangani, ambacho kimewezesha mikusanyo kubaki nchini badala ya kupelekwa Brussels yote. Kisha mwaka 2020 ukasimamishwa karibu na Yangambi mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, unaopima gesi zinazoingia na kutoka msituni mchana na usiku. Mnara huo uko juu ya msitu wa nchi kavu. Gesi ya vinamasi hupimwa kwa njia ya unyenyekevu zaidi: kisanduku hufunikwa juu ya tope, na hewa iliyo ndani huvutwa kwa bomba la sindano.

Gesi hizo zina pande mbili. Kinamasi hutoa methani, ambayo, kilo kwa kilo, hupasha dunia joto zaidi kuliko kaboni dioksidi. Lakini hicho hicho hufungia kaboni ardhini kwa maelfu ya miaka. Kiini cha hazina hiyo hakiko Kisangani. Kiko magharibi zaidi, katika mikoa kama Équateur na Mai-Ndombe na ng'ambo katika Kongo-Brazzaville. Mwaka 2017 ramani ya kwanza ya mboji ya bonde la kati ilichapishwa, na mwaka 2022 ikarekebishwa baada ya vipimo vingi zaidi upande wa Kinshasa: kilomita za mraba 167,600, zenye kaboni tani bilioni 29 hivi, theluthi mbili zikiwa ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mahali pengine mboji ina kina cha zaidi ya mita 5. Mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Kisangani, Corneille Ewango, ni miongoni mwa waliobeba vyuma vya kuchimbia humo, maji yakiwa kiunoni.

Udongo huo una kumbukumbu yake. Sampuli za kina zinaonyesha kwamba kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita hali ya hewa ilikauka na mboji iliyokwisha kujikusanya ikaoza kwa wingi, kaboni yake ikarudi angani. Baadaye mvua iliporejea, kazi ikaanza upya. Hakuna aliyekuwa amechimba mfereji wakati huo. Ukavu peke yake ulitosha.

Kutoka Yangambi boti huvuka kwenda ukingo wa kushoto, hadi Isangi, mahali mto Lomami unapoingia Kongo. Kuvuka huko si jambo dogo kwa wanyama. Sokwe wa kawaida huishi kaskazini ya mto na bonobo kusini, na hawajakutana kwa muda mrefu sana kwa kuwa hakuna anayeogelea. Juu ya Lomami, katika mpaka wa Tshopo na Maniema, iko Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliyoanzishwa mwaka 2016, makazi ya lesula, kima mwenye uso wa kutafakari ambaye sayansi ilimpa jina mwaka 2012 ingawa wawindaji walimla miaka yote.

Isangi ni mji unaofaa kabisa kuulizia mafuriko. Watu hukumbuka miaka kwa kina cha maji nyumbani. Mwaka 1961 mto Kongo ulifurika kuliko ilivyowahi kuandikwa kabla, na Januari 2024, huko Kinshasa, ukakaribia rekodi hiyo kwa sentimita chache. Vinamasi haviwezi kuzuia mafuriko ya aina hiyo, maana vimekwisha kujaa mto unapofika kilele. Kazi yao ni ya kabla na baada: hupokea ongezeko la kwanza, hulitawanya, kisha hurudisha maji mtoni wakati wa ukavu, ili meli zisikwame mapema zaidi kwenye mchanga.

Hatari zilizopo Tshopo kwa sasa si mifereji mikubwa kama ya Indonesia, ambako mboji iliyokaushwa kwa ajili ya michikichi huungua kila kiangazi. Ni vitu vidogo vingi. Vyandarua vya mbu vinavyovuliwa navyo huchukua vifaranga pamoja na wakubwa. Wengine hutia sumu katika vijito. Msumeno wa injini umefikia miti ya kando ya maji, iliyo rahisi kusafirishwa kwa mto. Kubwa zaidi ni mafuta ya petroli: Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27, baadhi yake juu ya mboji ya bonde la kati, na Oktoba 2024 ikaufuta. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 8 tu ya kaboni ya mboji hiyo iko ndani ya hifadhi za taifa. Eneo la Ramsar la Ngiri-Tumba-Maindombe, lililoorodheshwa mwaka 2008, lina zaidi ya hekta milioni 6.5, lakini cheo hicho hakizuii kibali cha uchimbaji kwa nguvu ya sheria.

Kwa vijiji vya Tshopo chombo kilicho karibu zaidi ni amri ya Agosti 2014 kuhusu misitu ya jamii. Jamii yenye haki ya jadi inaweza kuomba hadi hekta 50,000, na ikikubaliwa, hupewa bila kikomo cha muda. Baadhi ya jamii za mkoa zimekwisha kupata hati hizo. Masharti yake ni mpango wa matumizi ulioandikwa, unaotenga mahali pa kulima, kuvua, kukata kekele na kuacha. Kuchora mpango huo kunataka watu wakae pamoja na kukubaliana kijito kipi ni cha nani, na hilo, kama wazee wa Isangi walivyonieleza bila kutabasamu, ndilo linalochukua muda.